"Nation" si taifa kila mahali

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wa tafsiri mliojaa ukumbini jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie neno moja tu la Kiingereza, "nation", na nilipokubali nilidhani kazi itakuwa nyepesi, kwani kila aliyepita shule anajua kwamba "nation" ni taifa. Juma lile lile nikasahihisha kazi ya mwanafunzi mmoja ambaye alikutana na mgomo ulioelezwa kuwa ni "nationwide", akaandika "mgomo wa taifa", na mistari miwili chini yake akakutana na "Cherokee Nation", yaani Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, akaandika "nchi ya Cherokee". Pale pa kwanza palitaka "nchi nzima", pa pili palitaka "taifa". Viatu vilikuwa vyake, ila alivivaa kushoto kulia.

Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, "natio", lenye shina la kuzaliwa, na halikuanza na bendera wala mpaka. Katika Chuo Kikuu cha Paris cha zama za kati waliosoma na kufundisha walipangwa katika "mataifa" manne, yaani Wafaransa, Wanormandi, Wapikardi na Waingereza, na katika hao walioitwa Waingereza mlikuwamo Wajerumani. Lilikuwa neno la watu waliotoka upande mmoja wa dunia, karibu na vile tunavyosema sisi "watu wa kwetu".

Mahali ninapopenda kulitazama likigeuka ni Marekani. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 inawaita "nations" watu wa nje, pale inapolipa Bunge mamlaka juu ya biashara na mataifa ya kigeni na inapotaja sheria ya mataifa, lakini nchi mpya yenyewe haijiiti hivyo hata mara moja. Inajiita "Union", Muungano. Tarehe 19 Novemba 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinawaka, Abraham Lincoln alisimama kwenye makaburi ya askari huko Gettysburg akatoa hotuba isiyofika maneno 300. Ihesabuni wenyewe: "nation" limo mara tano, na "Union", jina la upande ule uliokuwa ukipigana chini ya amri yake, halimo kabisa. Muungano ni mapatano, na aliyeingia katika mapatano anaweza kudai haki ya kutoka, jambo ambalo majimbo ya Kusini yalikuwa yakilidai kwa bunduki. Taifa, kwa maneno ya hotuba ile, ni kitu kilichotungwa kama mimba na kuzaliwa, na aliyezaliwa harudi tumboni. Mfasiri anayeandika "nchi" katika sentensi ile ya kwanza ameiua hoja yote.

Miaka 32 kabla ya hapo, katika kesi ya Wacherokee dhidi ya jimbo la Georgia, Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba Wacherokee si dola la kigeni, bali ni miongoni mwa "mataifa ya ndani yenye kutegemea". Walipewa neno, wakanyimwa dola, na neno halikuwakinga: mwaka 1838 wanajeshi waliwaondoa kwa nguvu katika ardhi yao wakawapeleka magharibi.

Tofauti hiyo ya taifa na dola ndiyo inayopotea tunapotaja Umoja wa Mataifa, ambao kwa haki ya maneno ni umoja wa madola, kwa kuwa Ibara ya 4 ya Mkataba wake wa 1945 inawafungulia mlango "states". Wakurdi huitwa "nation" na hawana kiti. Waskoti wana timu katika mashindano ya raga ya Mataifa Sita, na kiti hawana vilevile.

Lakini msiwalaumu Waingereza peke yao, maana "taifa" letu nalo lina safari zake. Kwa Kiarabu asili yake ni kundi, na mtu wa Lebanon akilisikia leo hufikiria madhehebu, Wamaroni, Wasunni na Washia. Penye "nation" wao husema "umma", neno ambalo sisi tumelichukua tukalitia katika mali ya umma na vyombo vya usafiri wa umma. Mombasa walikuwa na Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, yaani Thelatha Taifa wa Kilindini, Changamwe na Tangana, pamoja na Tisa Taifa, wakiwamo Wamvita na Wajomvu. Mataifa kumi na mawili, katika kisiwa ambacho mtu hukizunguka kwa miguu kabla jua halijatua! Aliyeulizwa pale zamani kwamba yeye ni wa taifa gani hakuwa akiulizwa pasipoti. Nao wasomaji wa Biblia wanajua kwamba Paulo, mtume wa watu wa Mataifa, alitumwa kwa wasio Wayahudi.

Kisha ikaja mwaka 1967, Azimio la Arusha, na mabenki yakataifishwa. Kitenzi kilisema taifa, ila mwenye funguo mpya alikuwa serikali, na hapo "taifa" lilikuwa likifanya kazi ya dola kama lifanyavyo "nation" kwa Waingereza.

Mwanafunzi yule alirudi na kazi yake siku ya tatu. "Nationality" ya kwenye fomu ya uhamiaji ameifanya "uraia", sawa kabisa. "Nationalist" ameiandika "mzalendo", nami nikamwomba alitamke tena polepole asikie kuzaliwa kulikomo ndani yake, kule kule kwa "natio", ingawa hakuna Mrumi aliyetufundisha. Karatasi mliyopewa mlangoni ina sentensi saba, na ya kwanza ni ya Gettysburg. Tuanze nayo.