Kwa Nini Sikuja Kumzika Bibi

Haya jamani, habari za huko. Leo siwatembezi popote, nimekaa tu. Kila video ninayoweka, hata ile ya kubadilisha matairi, lazima mtu aulize kule chini: "Bibi yako kafariki, mbona hukuonekana msibani?" Nimenyamaza weee, leo najibu. Nikisema sikuwa na njia, mtasema nalialia. Nikisema nilituma hela, mtasema najigamba. Semeni tu.

Ombi langu la ukaazi hapa Marekani, fomu I-485, halijajibiwa. Ukitoka nje ya nchi kabla ya kupewa kibali cha kusafiri, kile kinachoombwa kwa fomu I-131, ombi linahesabiwa umelitelekeza. Unaanza upya, na hela ya mwanasheria hairudi. Wenye viza za kazi za H-1B wana utaratibu wao, msinirukie. Kibali cha dharura kipo, na msiba ni dharura, sikatai. Lakini wanataka uthibitisho, na cha kwanza kinachomjia mtu kichwani ni cheti cha kifo. Sasa niambieni, kwetu Tanzania nani anakwenda RITA, kule wanakosajili vizazi na vifo, kufuatilia cheti na maiti iko ndani? Watu wanachimba kaburi, wanapokea wageni, cheti baadaye. Nikaomba angalau barua ya hospitali. Inafika, bibi keshazikwa.

Hayo ni yangu. Wewe makaratasi yako yanaweza kuwa tofauti kabisa, usije ukafuata maneno ya mtu wa kwenye video.

Hela nilituma. Kiasi sitaji, maana nasikia kuna mtu kwenye kikao cha familia alisema "huyu wa Marekani katuma hii tu?" Hela yenyewe nilikopa kwenye kadi, riba nalipa mpaka leo. Basi, tuyaache.

Ila hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza bibi mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani. Mimi alikuwa akiniita mume wangu. Nilipooa, simu yake ya kwanza kwa mke wangu ilikuwa hivi: "Mke mwenza, mkubwa ni mimi, usijisahau." Mke wangu hakukulia kwenye utani wa namna hiyo, akadhani ameingia kwenye ugomvi wa kweli. Baadaye wakazoeana, wakawa wanapigiana bila mimi na kunisengenya mchana kutwa.

Kusoma hakujua, lakini madeni yote yalikaa kichwani mwake. Nani alichukua debe la mahindi, msimu gani, nani alirudisha nusu akajifanya amemaliza. Deni hasamehi. Lakini mwenye msiba alikuwa hamdai. Anakaa kimya, anakwenda kumpa pole, anamsaidia kupika, anasubiri arobaini ipite. Ikishapita tu, kesho yake asubuhi yuko mlangoni kwa mtu, "nimekuja kuulizia lile debe." Kwa hiyo nikisoma maoni yenu ya kunidai mahudhurio hata arobaini yake mwenyewe haijafika, nacheka. Yeye angewasubirisha.

Halafu kuna hili, na nalisema hapa kwa sababu kwa simu hupokei. Kifo cha bibi nilikijua kwenye status yako, ndugu yangu. Baba alikuwa hajanipigia. Ukaweka picha ya bibi kitandani, mdomo wazi, kichwa hakina kitambaa, na vikatuni vya machozi. Bibi ambaye hata picha ya kitambulisho aliwasumbua watu mpaka apate kanga inayofanana na kitambaa! Status imepita yenyewe, lakini kwenye grupu la ukoo picha ipo mpaka sasa, na watu wanaendelea kuisambaza. Ifute. Kama huna nyingine nitakutumia ile aliyonuna kwa sababu mpiga picha alimwambia atabasamu.