Assyrtiko, Zabibu ya Kikapuni

Mabibi na mabwana, naomba nianze na kikapu. Mgeni anayefika kisiwani Santorini, Ugiriki, akitarajia mizabibu iliyosimama kwa mistari kwenye nguzo na waya, huenda akalipita shamba zima asilitambue, kwa maana mizabibu ya huko hulazwa chini na matawi yake husukwa mviringo, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa kikapu ambacho zabibu hukua ndani yake. Wenyewe hukiita kouloura. Wakati wa kiangazi upepo wa meltemi hutoka kaskazini na kurusha mchanga kwa nguvu ya kuvunja machipukizi, na ukuta huo wa matawi ndio unaoyakinga matunda.

Zabibu inayotawala mashamba hayo ni Assyrtiko, zabibu nyeupe, mzaliwa wa kisiwa hicho. Udongo wake ni majivu na mawe mepesi ya volkeno iliyolipuka takribani miaka 3,600 iliyopita, na karibu hauna mfinyanzi. Kwa sababu hiyo filoksera, kidudu cha mizizi kilichoangamiza mizabibu ya Ulaya tangu miaka ya 1860, hakikupata makao humo; wakulima wa kwingineko walipolazimika kupandikiza mizabibu yao kwenye mashina ya Kimarekani, ya Santorini ilibaki juu ya mizizi yake yenyewe. Kikapu kikichakaa, mkulima hukikata, na chipukizi jipya huota kutoka mzizi uleule wa zamani.

Zabibu nyingi zikiivia kwenye joto kali hupoteza uchachu. Assyrtiko huiva, sukari ikapanda, na uchachu usiondoke. Mvinyo wake mkavu hukata ulimi kama limau, kisha huacha ladha ya chumvi inayodumu kinywani. Mimi sijaonja mvinyo mweupe wa Mediterania ninaoupenda kuliko huo. Upo pia Vinsanto, mvinyo mtamu wa zabibu zilizoanikwa juani, ambao kisheria Assyrtiko haipungui asilimia 51 ndani yake, nao hukaa kwenye mapipa angalau miezi 24 ukapata rangi ya asali iliyokolea, na ule uchachu huuzuia utamu usichoshe.

Ninachokihofia ni kwamba ardhi ya mizabibu inamezwa na majengo ya watalii, na wasukaji wanapungua. Hakuna mashine ya kazi hiyo. Kila kikapu humtaka mtu apige magoti mchangani msimu wa kupogoa, alishike tawi, na ajue kwa vidole kama litakubali kupindwa bila kuvunjika.