Tazama Chini: Kutembea Wall Street Bila Kiongozi

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nimeombwa nimsemee mgeni mmoja: yule anayefika New York akiwa na asubuhi moja tu ya kuzurura, hana kiongozi, hataki kupanda basi la watalii, lakini anataka kuuona mtaa wa fedha kwa miguu yake mwenyewe. Njia nitampa, na haifiki kilomita tatu. Kabla ya njia nampa sharti moja tu: atazame chini.

Wageni wa Wall Street unawatambua kwa shingo. Wamezipinda kwa nyuma, wanahesabu ghorofa. Sasa maghorofa yale yanaonekana hata ukiwa ng'ambo ya mto. Kwa hayo hukuwa na haja ya kufika pale. Yanayostahili kuonwa kwa karibu yako usawa wa kifua kushuka chini, na mengine hayana hata kibao cha kukuambia ni nini.

Basi shuka kwenye treni ya chini ya ardhi, laini ya 4 au ya 5, kituo cha Bowling Green. Ukitoka juu utakuta bustani ndogo sana, ya mwaka 1733, ambayo ndiyo bustani ya umma kongwe kuliko zote jijini. Usikimbilie kupiga picha. Nenda kwenye uzio wake wa chuma. Uliwekwa mwaka 1771 ili kuilinda sanamu ya Mfalme George III wa Uingereza, aliyekuwa amepanda farasi. Tarehe 9 Julai 1776, Tangazo la Uhuru lilipokwisha kusomwa hadharani, umati ulishuka mpaka hapa ukamwangusha mfalme pamoja na farasi wake. Sanamu ilikuwa ya madini ya risasi, na sehemu kubwa ikayeyushwa kuwa risasi za bunduki. Kiswahili kinatupunguzia maneno hapa: risasi ikawa risasi. Uzio wenyewe ukaachwa, ila mapambo ya juu ya nguzo yakakatwa kwa msumeno. Pitisha kiganja juu ya nguzo. Mikwaruzo ungali unaihisi.

Hatua chache kutoka hapo pana fahali wa shaba, na foleni ya watu wanaosubiri kupiga naye picha. Sina ugomvi na fahali. Aliyemtengeneza, Arturo Di Modica, alimfyatua kwa fedha zake mwenyewe baada ya soko la hisa kuporomoka mwaka 1987, akamshusha usiku mbele ya jengo la soko hilo Desemba 1989 bila kibali cha mtu yeyote. Wenye mamlaka wakamwondoa, watu wakalalamika, akahamishiwa hapa. Ana uzito wa zaidi ya tani tatu. Shaba yake imefifia mwili mzima isipokuwa mahali panaposhikwashikwa na wageni kutafuta bahati: puani, kwenye pembe zake, na mahali pengine ambapo heshima ya ukumbi huu hainiruhusu kupataja. Mwangalie, cheka, endelea.

Nyuma ya bustani kuna jengo ambalo wengi hulipa kisogo kwa sababu ya fahali. Ni jumba la zamani la forodha, lililokamilika mwaka 1907 kwa mchoro wa Cass Gilbert. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 serikali ya Marekani iliendeshwa kwa ushuru wa forodha, na bandari hii ndiyo iliyokusanya fungu kubwa. Kwa hiyo msishangae forodha kujengewa kasri. Leo ndani yake kuna makumbusho ya Wahindi Wekundu, kuingia ni bure, na vyoo vyake ni safi. Hilo la vyoo mtanishukuru baadaye; mtaa ule una benki nyingi kuliko vyoo.

Mbele ya jumba wameketi wanawake wanne wa mawe, kazi ya Daniel Chester French, yule yule aliyekuja kumchonga Lincoln aliyeketi kitini kule Washington. Wanawake hao ni mabara manne. Marekani ameinamia mbele kama mtu anayetaka kusimama, ana mwenge. Ulaya ameketi katika kiti cha enzi. Wawili hao wako karibu na ngazi za mlango. Asia yuko pembeni, upande mmoja. Nenda pembe ya upande wa pili, kulia kwako ukiwa unalitazama jengo. Huyo ni Afrika. Amelala. Kichwa kimeinama, mkono mmoja umeegemea simba, mwingine sfinksi ya Misri, na simba naye kalala. Mara ya kwanza nilisimama pale nikiwa na hasira, na mara ya pili pia. Siku hizi naanzia safari kwake kwa makusudi. Mwekeni akilini, tutamaliza na jambo linalomhusu.

Sasa shika Pearl Street kuelekea kaskazini mashariki. Jina lake linatokana na magamba ya chaza, kwa kuwa hapa ndipo palipokuwa pwani. Mitaa mitatu inayofuata kuelekea mtoni, yaani Water, Front na South, yote imejengwa juu ya kifusi. Jiji lilikuwa likijaza maji kidogo kidogo na kuuza ardhi ambayo haikuwapo jana. Nikiulizwa biashara ya kwanza ya mtaa huu ilikuwa ipi, sitaji hisa, nataja kifusi. Ukipita 85 Broad Street, tafuta vioo vilivyolazwa kwenye sakafu ya njia ya waenda kwa miguu. Chini yake kuna misingi ya mawe ya baa ya karne ya 17. Watu wa ofisini wanavikanyaga wakiwa na kahawa mkononi, na wala hawajui wanakanyaga nini.

Simu yako inaweza kukupoteza kidogo hapa. Vichochoro hivi vilifuata mapito ya Waholanzi, walioanzisha mji huu, vinapinda bila mpango, na majengo marefu yanakatiza mawimbi ya satelaiti, hata utajiona kwenye ramani umesimama katikati ya mto. Chukua ramani ya karatasi.

Ukifika Wall Street, kunja kulia kwanza, ushuke mpaka karibu na Water Street. Jina la mtaa ni ukuta kweli. Waholanzi waliujenga mwaka 1653 kuvuka kisiwa, kwa hofu ya Waingereza, na miongoni mwa waliotumikishwa kuujenga walikuwa Waafrika watumwa. Mwaka 1664 Waingereza wakaja, lakini walikuja kwa meli, na mji ukasalimu amri bila vita. Ukuta ulikuwa umetazama upande mwingine. Ulibomolewa mwaka 1699, jina likabaki.

Hapo karibu na Water Street kuna kibao cha kawaida kabisa, kilichowekwa mwaka 2015. Kinasema kwamba mahali hapa palikuwa na soko la watumwa. Baraza la mji lilipapitisha rasmi mwaka 1711, pakadumu mpaka 1762. Hapakuwa pa kuuzia tu, palikuwa pa kukodishia pia: mwenye mtumwa asiye na kazi naye wiki hiyo humleta hapa, akapangishwa kwa siku. Ilichukua zaidi ya miaka 250 tangu soko kufungwa mpaka kibao kuwekwa.

Kisha geuka, panda Wall Street. Kabla hujatoka jasho utapita namba 68. Nje ya hapo ulikuwapo mti mkubwa wa kivuli, Waamerika wanauita buttonwood, na tarehe 17 Mei 1792 madalali 24 walitia saini makubaliano ya mistari michache tu: tutafanya biashara baina yetu kwanza, na hakuna atakayetoza ushuru wa dalali ulio chini ya robo ya asilimia moja. Soko la Hisa la New York linahesabu umri wake tangu siku hiyo. Ukisoma makubaliano yale kwa jicho la mtu wa sokoni utaona ni ahadi ya kutoharibiana bei. Kati ya kufungwa kwa soko la watu na kuanza kwa soko la hisa ni miaka 30. Umbali wake ni mwendo wa dakika mbili.

Fika sasa kwenye makutano ya Wall na Broad. Kila mtu atakuwa anatazama nguzo za Soko la Hisa, jengo la mwaka 1903. Usitegemee kuingia kama zamani, milango ilifungiwa umma mwaka 2001. Wengine watakuwa kwenye ngazi za Federal Hall, chini ya sanamu ya George Washington, kwa sababu hapo ndipo alipoapishwa kuwa rais tarehe 30 Aprili 1789. Ngazi zenyewe si alizopanda yeye, jengo lile lilibomolewa na hili ni la 1842.

Wewe vuka uende namba 23. Ni jengo fupi, ghorofa nne, kwenye ardhi ambayo kila jirani ameigeuza mnara. Lilikuwa la benki ya J.P. Morgan, na mlangoni hawakuandika jina. Waliweka namba tu. Aliyestahili kuingia alikuwa anajua ni kwa nani. Simama upande wa Wall Street, usogeze uso karibu na ukuta. Utaona mashimo kwenye mawe. Tarehe 16 Septemba 1920, dakika moja baada ya saa sita mchana, mkokoteni wa farasi uliosheheni baruti na vipande vya chuma ulilipuka hapo barabarani. Walikufa watu 38, na mamia wakajeruhiwa. Mwenye benki alikuwa safarini Uingereza. Waliokufa wengi wao walikuwa makarani, wapiga chapa, na vijana wa kupeleka barua, watu waliotoka kwenda kula. Usiku ule ule vifusi vikazolewa, kesho yake soko likafunguliwa. Hakuna aliyepatikana na hatia mpaka leo. Benki iliamua kutoyaziba mashimo, na hapana maandishi yoyote yanayoyaeleza. Mimi huweka kidole ndani ya shimo moja kila nipitapo. Mlinzi aliwahi kuniuliza natafuta nini, nikakosa jibu.

Panda hadi mwisho wa mtaa, kwenye kanisa la Trinity. Jengo hili ni la tatu, la mwaka 1846, na kwa miaka mingi mnara wake ulikuwa juu kuliko majengo yote ya jiji. Makaburini utamkuta Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, aliyepigwa risasi na Aaron Burr, makamu wa rais aliyekuwa madarakani, akafa kesho yake, tarehe 12 Julai 1804. Watu huacha sarafu juu ya kaburi lake. Ila nakumbusha jambo ambalo kaburi halisemi: mwaka 1697 kanisa hili lilipiga marufuku Waafrika kuzikwa katika uwanja wake. Wakazike wapi? Nje ya mji. Tunakwenda huko.

Shika Broadway kuelekea kaskazini, na hapa kutazama chini kunalipa kweli. Sakafuni mwa njia ya miguu, tangu Bowling Green mpaka City Hall, kumelazwa mistari ya granaiti yenye majina ya waliopokewa kwa maandamano, huku karatasi zikimwagwa kutoka madirishani. Haile Selassie utamkanyaga mara mbili, 1954 na 1963. Nelson Mandela yuko, 20 Juni 1990, miezi minne tu tangu atoke gerezani.

Ukifika Liberty Street chepuka kulia kidogo. Jengo kama ngome, madirisha ya chini yana nondo: hilo ni tawi la benki kuu ya Marekani, la mwaka 1924. Mita 24 chini ya miguu yako, juu ya mwamba mtupu wa kisiwa, kuna zaidi ya tani elfu sita za dhahabu, nyingi ikiwa ni mali ya serikali na benki kuu za nchi nyingine. Vyumba ni 122. Nchi moja ikiilipa nyingine, wafanyakazi wanaweza kuhamisha matofali kutoka chumba kimoja kwenda kingine, kila tofali kama kilo 12 na nusu, nao huvaa vikinga vigumu juu ya viatu lisije likawaponda vidole. Ndivyo deni la mataifa linavyolipika: kwa mikokoteni, na watu wanaoogopa kuumia mguu.

Rudi Broadway, lipite jengo la Woolworth, endelea mpaka Duane Street. Mwaka 1991 serikali ilikuwa inachimba msingi wa jengo la ofisi hapa, kwenye namba 290 Broadway. Mita kadhaa chini wakaanza kukuta mifupa. Ni makaburi yale ya nje ya mji, yaliyotumika mpaka miaka ya 1790, na inakisiwa waliozikwa wanafika 15,000. Mabaki ya watu 419 yalitolewa, na wakazi weusi wa jiji walipambana mpaka ujenzi ukasimamishwa sehemu ile. Oktoba 2003 walizikwa upya katika majeneza yaliyochongwa Ghana. Utaona matuta saba ya nyasi.

Wengi walikuwa wamelazwa kichwa magharibi, hivyo kwamba wakiinuka wataangalia mashariki. Mmoja wao alikuwa mwanamke mtu mzima. Meno yake yalikuwa yamechongwa, na kiunoni alikuwa amevaa shanga zaidi ya mia moja, pamoja na kauri, zile zile zilizokuwa fedha katika masoko ya Afrika Magharibi. Alizikwa nazo, hakuna aliyezivua.

Kutoka kwa mama yule wa mawe aliyelala mpaka kwa mama huyu ni mwendo wa nusu saa usiposimama. Nimewachukua kwa muda mrefu zaidi. Nadhani kuna mkono umeinuka pale nyuma, karibu, uliza.