Si Iliruhusiwa? Rubani wa Ndege Ndogo na Safari za Wakati wa Mlipuko

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili kule kiwanjani, na leo nalirudia hapa Kigoma kwa sababu kila nikimaliza naulizwa swali lilelile kuhusu safari ya ndege niliyoikataa wakati wa korona: "Mzee, si iliruhusiwa?"

Iliruhusiwa. Hapa Tanzania, tarehe 12 Aprili 2020 zilisimamishwa ndege za abiria za kimataifa, zikarudi 18 Mei. Safari za ndani hazikufungwa. Kenya, ndege za abiria za ndani zilikaa chini mpaka 15 Julai. Uingereza, mwenye ndege ya kujifurahisha alifungiwa tangu mwishoni mwa Machi. Hapa kwetu mwenye ndege yake ndogo aliachiwa aamue mwenyewe, na huo ni mzigo, kwa sababu ukishakatazwa huna la kufikiri, unalala. Ukiachiwa uamue, simu zinaanza kuita.

Yangu iliita baada ya Alfajiri, wiki ya tatu ya Aprili ile. Ndugu yangu wa Tabora. Mama yake mkubwa amefariki Ujiji, maziko ni alasiri. "Kaka, njoo unichukue. Kwa basi siwahi." Kigoma hadi Tabora, ukikata moja kwa moja, ni kama kilomita 350. Ndege yangu ndogo, Cessna 172, inakwenda saa moja na dakika arobaini na tano hivi. Kwenda na kurudi, adhuhuri mtu yuko Ujiji. Kwa karatasi nilikuwa halali: ili ubebe abiria unatakiwa uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90, na mimi nilikuwa siku ya 71 tangu niruke. Hali ya hewa nzuri. Nikaenda kiwanjani.

Ndege ilikuwa imekaa tangu Februari. Nikaanza kuizunguka. Chini ya bawa la kushoto kuna bomba dogo, ndilo linalokipa hewa kipima mwendo. Kifuniko chake kilikuwa kimeanguka kwenye majani. Mdomoni mwa bomba kuna udongo mkavu, mwekundu kama tofali, umekandikwa vizuri kabisa. Nyigu. Ungejaribu kupaa na kitu kile, ungeligundua tatizo ukiwa tayari unakimbia kwenye njia ya kurukia, mshale umelala.

Nikapanda ndani hata hivyo, nikafanya zoezi nililofundishwa zamani: fumba macho, jitajie kitu, kiguse. Nikajitajia joto la kabureta, kijiti cha kupasha joto hewa inayoingia kwenye injini. Mkono ukaenda kulia, ukashika kijiti chekundu. Wenzangu mnaorusha mnakijua. Ukikivuta chote, mafuta yanakatika na injini inazima. Nilifumbua macho nikautazama mkono wangu, nikashuka.

Mtasema: basi ni nyigu aliyekuzuia, si korona. Hapana, na hapa ndipo watu wananichosha. Bomba fundi angelizibua. Lakini ndege ilikaa kwa nini? Mkono wangu ulisahau kwa nini? Ugonjwa ulituweka chini, halafu msiba ukatuambia tupae siku hiyohiyo. Na tuseme bomba safi, mkono mwepesi. Kabini ya 172 ina upana wa kama mita 1. Mita 1 ndiyo tuliyoambiwa tuachiane mtu na mtu! Tungekaa bega kwa bega karibu saa mbili, tunapumuliana, kisha yeye aingie nyumba iliyojaa bibi na babu zake wa Ujiji. Na injini ingetukatikia juu ya mabwawa ya Malagarasi, nani angetufuata? Wavuvi, askari, wauguzi, wote wakusanyike wakati wanaambiwa wasikusanyike, kwa ajili ya safari yangu.

Nilimpigia nikamwambia siji. Alikata simu. Maziko yakapita bila yeye. Hadi leo tukikutana ananiitikia salamu, basi. Nimemuomba radhi kwa uchungu wake. Kwa uamuzi sijamuomba, wala sitamuomba.

Nyie wa Kigoma hili msifundishwe na mtu wa mbali. Kule hifadhi ya Mahale wageni walikuwa wakivaa barakoa mbele ya sokwe miaka mingi kabla ya korona, kwa sababu mafua yetu yanaua sokwe. Na wageni hao wengi wanafikaje? Kwa ndege ndogo. Kwa hiyo ndege ndogo kubeba ugonjwa tulilijua zamani. Tulimlinda sokwe. Shangazi aliyeko Ujiji je?

Kijana pale nyuma anatikisa kichwa, korona si imepita. Homa ya Marburg ilitokea Kagera Machi 2023, ikarudi Kagera hiyohiyo Januari 2025, na Kagera tunapakana nayo kwa upande wa Kakonko. Simu itaita tena.

Injini, kwa haraka, maana wapo wanaosema lazima turuke isiharibike. Ni kweli inashika kutu ikikaa. Lakini kuiwasha chini dakika kumi hakuiponyi, oili haipati joto la kukausha unyevu. Inataka angani, kama saa nzima. Basi ruka peke yako, karibu na kiwanja, usibebe mtu, na kabla ya hapo kaa na mwalimu kama mkono umelala. Maji kwenye mafuta na vyeti vya afya nilitaka kuvisema, ila muda naona umenikimbia, tutavisema siku nyingine.

Moja tu nalibakiza. Uamuzi uandikeni usiku, nyumbani, kabla hamjaiona ndege na kabla simu haijaita. Nani anapanda, anakwenda kwa nani, akiugua nani anamuuguza. Ukishafika kiwanjani umevaa miwani ya jua, umeshachelewa.

Haya, tokeni nje tuitazame ndege. Wawili wawili. Mwenye kikohozi aniambie kabla hajapanda.