Richard wa Tatu: Baba Mdogo Aliyeachiwa Mayatima

Ndugu watazamaji, hamjambo nyote mlioko nyumbani. Leo nimesimama ndani ya kanisa kuu la Leicester, mji ninaoishi tangu mwaka 2016, mbele ya jiwe hili kubwa la rangi hafifu lililochanjwa msalaba wenye kina kirefu. Nikiisogeza kamera karibu mtaona ndani ya jiwe alama za viumbe vya bahari ya kale vilivyogeuka kuwa mawe. Chini yake amelazwa Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza aliyetawala kwa miaka 2 na takriban miezi 2 tu, kuanzia Juni 1483 hadi Agosti 1485.

Aliyenileta hapa mara ya kwanza ni jirani yangu, mzee aliyehamia Leicester na wazazi wake kutoka Uganda mwaka 1972, na ambaye Kiswahili hakijamtoka mdomoni. Tulipofika kwenye kaburi hili aliniuliza: "Mwanangu, kwenu baba mdogo akiachiwa mayatima na mali yao, hutakiwa afanye nini?" Sikumjibu siku ile, lakini swali lake ndilo lililonifungulia habari hii, kwa sababu Waingereza wana neno moja tu kwa kaka wa mama na kwa ndugu wa baba. Sisi tunaotenganisha mjomba na baba mdogo, au ami kama wasemavyo watu wa pwani, tunauona ugomvi wa mwaka 1483 waziwazi zaidi.

Richard alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1452 katika ngome ya Fotheringhay, wakati koo mbili za kifalme, York, ambao ndio ukoo wake, na Lancaster, zilipokuwa zikielekea kwenye vita vya kugombea kiti kimoja. Alikuwa na umri wa miaka 8 baba yake na kaka yake Edmund walipouawa katika vita vya Wakefield, na kichwa cha baba yake kikatundikwa juu ya lango la mji wa York. Miezi michache baadaye kaka yake mkubwa alitwaa ufalme kwa jina la Edward wa Nne, na Richard akawa mtu wake wa kutegemewa kuliko wote: alikimbia naye uhamishoni mwaka 1470, akarudi naye, na akiwa na miaka 18 akapigana upande wake huko Barnet na Tewkesbury. Baadaye alisimamia sehemu za kaskazini kwa zaidi ya miaka 10, na watu wa huko walimpenda kwa dhati. Nayasema haya kwa sababu ni dhuluma kumsimulia kana kwamba alizaliwa mwovu.

Kisha ikaja tarehe 9 Aprili 1483. Edward wa Nne alifariki ghafla, akaacha wana wawili wa kiume, Edward wa miaka 12, ambaye sasa alikuwa mfalme, na Richard wa miaka 9. Mtoto mkubwa alikuwa akilelewa Ludlow na mjomba wake, Anthony Woodville, ambaye alianza kumsindikiza kuelekea London akatawazwe. Baba mdogo naye alikuwa akishuka kutoka kaskazini. Walikutana Northampton tarehe 29 Aprili, mjomba na baba mdogo wakala chakula cha jioni pamoja kwa furaha, na kulipopambazuka mjomba akakamatwa. Siku hiyohiyo Richard alipanda farasi hadi Stony Stratford, mahali alipokuwa mtoto, akamsalimu kwa heshima zote za mfalme, kisha akawakamata watu wa mtoto huyo, akiwemo kaka wa mtoto wa mama mmoja.

Mama wa watoto aliposikia habari hizo alikimbilia hifadhi katika eneo takatifu la Westminster pamoja na mabinti zake na yule mvulana mdogo. Tarehe 16 Juni askofu mkuu wa Canterbury alimshawishi amtoe mtoto aende kwa kaka yake katika ngome ya Mnara wa London, naye akamtoa. Siku 6 baadaye ilihubiriwa hadharani kwamba ndoa ya marehemu mfalme haikuwa halali, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwahidi ndoa mwanamke mwingine, na kwa hiyo watoto wake ni wa haramu wasioweza kurithi. Mjomba aliuawa Pontefract tarehe 25 Juni. Kesho yake baba mdogo akakikalia kiti cha enzi. Wavulana wale walionekana mara chache wakicheza katika uwanja wa ngome, kisha hawakuonekana tena.

Utawala wenyewe haukukosa mema. Bunge lake la mwaka 1484 liliimarisha haki ya mshukiwa kupewa dhamana, likazuia mali yake kunyang'anywa kabla ya hukumu, na likafuta zile zilizoitwa zawadi kwa mfalme, ambazo kwa kweli zilikuwa kodi za kulazimishwa. Hata hivyo, mwaka huohuo alifiwa na mwanawe wa pekee wa ndoa, na Machi 1485 akafiwa na mkewe Anne.

Tarehe 22 Agosti 1485, karibu na Bosworth, alipambana na Henry Tudor, aliyedai kiti cha enzi kwa upande wa Lancaster, na hapo ukoo ulimgeuka tena, kwani mtu mwenye jeshi la kuamua vita, Stanley, alikuwa baba wa kambo wa Henry. Richard aliwaongoza wapanda farasi wake moja kwa moja kumfuata adui, akamwangusha mshika bendera wake, na ndipo watu wa ndugu yake Stanley walipomvamia. Alikufa akiwa na miaka 32. Mifupa yake, iliyofukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari hatua chache kutoka hapa, ina alama za majeraha 11, na 9 kati ya hayo ni ya kichwani. Hakuwa kibiongo kama maadui zake walivyodai. Uti wake wa mgongo ulipinda upande. Kaburi lake la kwanza lilichimbwa fupi kuliko mwili, hata kichwa kikabaki kimeinuliwa.

Nimejaribu kumtetea, nikashindwa mahali pamoja. Hata kama mkono uliowaua wavulana haukuwa wake, aliyekabidhiwa mayatima ndiye anayeulizwa, na yeye hakuwahi kuwatoa watu wawaone. Tarehe 1 Machi 1484, ili mama yao akubali kutoka hifadhini, Richard aliapa mbele ya wakuu na maaskofu kwamba atayalinda maisha ya watoto wa mama huyo na kuwaoza kwa heshima. Kiapo hicho kiliandikwa, na kinawataja kwa majina: Elizabeth, Cecily, Anne, Katherine na Bridget. Ni mabinti watano. Majina ya wavulana hayamo.