Kupiga picha maua ya ndani bila kuunguza petali

Karibu mtazamaji. Mezani tuna mimea miwili: urujuani wa Afrika wenye maua ya zambarau, na okidi nyeupe. Nimeichagua makusudi, maana nyeupe na zambarau ndizo rangi zinazosumbua wengi.

Futa lenzi. Zima flashi. Zima na taa ya chumbani, hata kama unaona inasaidia. Mwanga wa balbu ya manjano ukichanganyika na wa mchana, upande mmoja wa ua unatoka njano na mwingine samawati, na ukirekebisha huu unaharibu ule.

Chungu kikae sentimita 60 hadi mita moja kutoka dirishani, mwanga uingie kwa ubavuni. Jua likipiga moja kwa moja, shusha pazia jeupe jepesi. Upande wa kivuli simamisha kadibodi nyeupe, karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Tazama chini ya petali: naiweka, naiondoa, naiweka tena. Umeona kivuli kinavyolainika? Nyuma tundika kitambaa cheusi, mita moja kutoka kwenye ua, mikunjo yake isionekane.

Majani ya okidi yafute kwa kitambaa chenye unyevu, basi. Urujuani hapana! Majani yake yana vinyweleo. Maji yakituama juu yake, hasa ya baridi, yanaacha mabaka yasiyotoka. Tumia brashi laini iliyo kavu, kuanzia shina la jani kwenda ncha. Ng'oa maua yaliyonyauka.

Haya, simu. Usiisogeze hadi ikaribie kugusa ua. Simu nyingi zikikaribia sana zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana, na petali ya mbele inaonekana imevimba. Rudi nyuma, kisha vuta picha karibu (zoom) mara 2. Wenye kamera: lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu kwa karibu, ya milimita 90 au 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 200, juu ya tripodi. Ukifungua tundu hadi f/2.8 kwa ukaribu huu, sehemu inayoonekana wazi bila ukungu ni milimita chache tu. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi napenda ua lionekane lote, kwa hiyo pia nageuza kamera itazamane na uso wa ua bila kuinama.

Hapa twende polepole. Kitambaa cheusi kinaidanganya kamera. Inaona weusi mwingi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na petali nyeupe zinaungua: zinabaki weupe mtupu usio na mshipa hata mmoja. Kwenye skrini picha inapendeza, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Picha yenye giza kidogo utaing'arisha baadaye. Petali iliyoungua haina cha kurejesha.

Kwa hiyo gusa skrini katikati ya ua. Kwenye urujuani, lenga vile vifuko vya manjano vya chavua. Kwenye okidi, ile safu fupi iliyochomoza juu ya mdomo wa ua. Usiinue kidole mpaka simu ionyeshe imefunga fokasi na mwanga. Halafu buruta alama ya jua chini hadi mishipa ya petali ionekane. Haijaonekana? Shusha tena.

Ngoja... okidi inayumba. Ni feni. Naizima. Shina refu namna hii linatikiswa hata na pumzi, basi chomeka kijiti nyuma yake na ubane kwa kibanio chini ya ua la kwanza, nje ya fremu. Weka taimari ya sekunde 2.

Na angalia: nimegusa skrini tena, kufuli limefunguka. Mwanga umepanda bila kuniuliza! Funga upya, shusha upya, tafuta mishipa. Kila ukisogeza simu au chungu, rudia hatua hii kabla ya kupiga.

Sasa zambarau. Kwenye simu nyingi inatoka samawati. Piga picha moja ukiwa umeweka karatasi nyeupe kando ya ua, na katika programu ya kuhariri rekebisha joto la rangi mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, kisha nakili mpangilio huo kwenye picha nyingine. Ua likibaki na ubuluu, gusa rangi ya zambarau peke yake, uisogeze kuelekea waridi kidogo kidogo, huku ukilitazama ua lenyewe pale dirishani. Usitegemee kumbukumbu.

Mwenye maua mekundu naye achunge: nyekundu inaweza kuungua wakati histogramu ya jumla, yaani grafu ya mwanga wa picha, inaonekana salama. Fungua histogramu ya rangi, uangalie ile nyekundu peke yake.

Kabla hujaondoa chungu, kuza picha mpaka asilimia 100. Kagua katikati ya ua, kisha mishipa. Kimoja kikikosekana, piga tena sasa hivi, mwanga wa dirisha haujahama.