Dekio Kavu: Mazungumzo na Vijana wa Sanaa, Iringa

Kamwene! Mmeitikia kama mnaodaiwa. Kamwene tena. Haya, hiyo sasa ni ya Iringa.

Waliponialika waliniambia nizungumzie nafasi ya tamthilia na filamu katika jamii. Kichwa kizuri, kinafaa kwenye bango. Mimi nitazungumza juu ya msichana wa kazi. Naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua Mwalimu akipewa kipaza sauti hata harusini ataishia kwa msichana wa kazi. Nivumilieni, nimestaafu, sina pengine pa kusemea.

Msichana huyo mnamjua. Tamthilia inaanza: nyumba ya ghorofa, geti jeusi, masofa yanang'aa kama ya dukani, na bei hazijabanduliwa. Baba amesimama katikati ya sebule, simu sikioni. Mama anapanda ngazi amekasirika. Halafu anaingia binti, khanga kiunoni, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, trei mkononi. Jina lake linabadilika kila tamthilia. Ila ukiuliza ametokea wapi, nchi nzima itakujibu bila kufikiri: Iringa.

Na akifungua mdomo, balaa. Anaburuta maneno kama gunia la viazi, kila r imekuwa l. Mwigizaji mwenyewe hajawahi kupanda mlima Kitonga, njia ya kuja kwetu, hata kwa lori! Mimi hiyo l hainiumizi. Mji huu jina lake limetokana na lilinga, yaani ngome; ni wageni waliokuja wakatutilia r wakaandika Iringa. Kwa hiyo anayetucheka kwa l anamcheka aliyesema sawa. Lakini tuliache hilo, nikianza Kihehe hatutoki hapa.

Kuna binti wa jirani yangu huko Kihesa. Simtaji jina, hajaniruhusu. Alikwenda Dar kufanya kazi za ndani akiwa mdogo, akakaa miaka sita, akarudi na sanduku moja na kikohozi. Jioni moja alikuwa kwangu, tumekaa na wajukuu tunaangalia tamthilia. Ikafika ile sehemu yetu: msichana wa kazi anapiga deki, mgeni anaingia, msichana anateleza, ndoo inapinduka, wote wanacheka. Wajukuu wangu wakaanguka chini kwa kicheko. Huyu binti hakucheka. Alisogeza kiti akakaribia televisheni kama mtu anayesoma herufi ndogo.

"Mwalimu," akaniambia, "lile dekio kavu."

Nikamwambia sijaelewa. Akanionyesha kwa kidole. "Tazama vigae. Alikopita na ambako hajapita ni sawasawa. Kigae kikiloa kinageuka rangi. Na ndoo ilipopinduka hayakutoka maji. Halafu anadeki kwenda mbele! Huwezi kudeki kwenda mbele, utakanyaga ulipotoka. Unaanzia kule mwisho, unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kandambili umeziacha nje."

Wanangu, mimi nimefundisha fasihi miaka thelathini na kitu. Nimesahihisha insha za uhakiki hata sizihesabu: maudhui, wahusika, mandhari, falsafa ya mwandishi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipa uhakiki kama ule. Mtu mmoja, kidole kimoja kwenye kioo, na tamthilia nzima ikaporomoka mbele yangu.

Akaendelea. "Na hiyo juisi imetoka wapi? Tangu asubuhi yuko sebuleni. Nani amemenya maembe?" Kuanzia siku ile nikaanza kukaa na daftari. Msinicheke, mstaafu ana muda. Wiki moja, tamthilia moja, nilihesabu trei za juisi kumi na moja. Glasi iliyonywewa ikaisha: hakuna. Mgeni anashika, anagusisha midomo, anaambiwa neno zito, anaiweka, anaondoka. Nikampa binti hesabu yangu nikidhani nimemchekesha. Akaniuliza, "Na yale mabaki?" Sikujua mabaki gani. Akasema, "Mabaki unamwaga. Ukiyanywa wewe, umeiba."

Hilo, jamani, halijawahi kuonyeshwa. Glasi iliyojaa, msichana mbele ya sinki, nyumba kimya, hajanywa kitu tangu alfajiri, anaitazama. Kamera haihitaji helikopta kwa hilo. Inahitaji sinki.

Najua mtanijibu: Mwalimu, ni vichekesho tu, unakuza mambo. Sikatai vichekesho. Wahehe na Wabena tunataniana na makabila mengine tangu zamani, nami nina watani wangu ambao wakinikuta na msiba watanichekesha hadi kaburini. Lakini utani una pande mbili: leo unanitania, kesho nakutania. Huyu msichana wa kwenye televisheni anajibu lini? Hajawahi kupewa mstari wa kujibu. Anasema "ndiyo mama" anatoka. Huo si utani.

Na mwingine atasema, lakini Mwalimu, si kweli mabinti wanatoka huku? Kweli kabisa! Nendeni stendi mwezi wa kwanza mkaone. Ndiyo maana nalalamika. Kama jambo ni la kweli kiasi hicho, mbona halitazamwi? Katika nyumba ile ya ghorofa watu wote wamekaa. Baba ni mfanyabiashara, biashara gani hatuambiwi. Mama ana ofisi, hatuioni. Kijana anaendesha gari kutoka geti hili kwenda geti lile. Mtu mmoja tu ndani ya hadithi ana kazi inayojulikana, tena ndiye kamera inampa mgongo.

Wale wenye umri wangu wanaikumbuka Isidingo. Sisi Bara televisheni tumeipata 1994, wenzetu Zanzibar wanayo tangu miaka ya 1970, basi mnaelewa ilivyokuwa miaka ile ITV ilipotuletea ile tamthilia ya Afrika Kusini. Watu walikusanyika kwenye nyumba yenye seti kama wanakwenda jumuiya. Ilikuwa Kiingereza kitupu. Dada yangu, ambaye Kiingereza chake kiliishia "good morning, sir", aliifuata mpaka akawa anagombana na watu waliosema fulani hana kosa. Aliielewaje? Mambo mengi, ila moja ni hili: kulikuwa na mgodi. Watu walikuwa na mahali pa kwenda asubuhi. Ugomvi ulikuwa na chanzo kinachoshikika.

Wachina nao. Tamthilia yao ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili, TBC wakaionyesha. Machi 2013 Rais Xi Jinping amekuja Dar es Salaam, anahutubia, akaitaja ile tamthilia, kwamba imewapa Watanzania nafasi ya kuona maisha ya familia za kawaida za China. Rais wa nchi kubwa kama ile anajivunia ugomvi wa mkwe na mkaza mwana! Kwa sababu anajua kazi yake. Leo kina mama wa Iringa wanafuata na za Kituruki kwa Kiswahili safi, masultani na vilemba, wanajua majina ya wake wa mfalme kuliko ya diwani wao. Siwalaumu. Najiuliza tu, Mturuki akitaka kutuona sisi, ataona nini? Sofa.

Kuna kijana pale nyuma ameinua mkono, najua unachotaka kusema, naombeni nimjibu kabla hajauliza. Unataka kusema tuigize Mkwawa, mtwa wetu Wahehe. Kila nikifika hapa mtu anasema Mkwawa. Hadithi ni kubwa, nani anabisha? Lugalo 1891 alipowapiga Wajerumani, mzee kujipiga risasi 1898 asitekwe, fuvu lake likaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles, likarudishwa 1954, liko Kalenga hapo, nendeni mkalione. Lakini farasi mtatoa wapi? Sare za Wajerumani? Mtawavika vijana wa mgambo, na saa ya mkononi itaonekana. Mtu aliyeshindwa kulowesha dekio hawezi kunipa Lugalo.

Nipeni mbao. Nipeni Mafinga, mtu amekopa fedha kununua miti, mvua imeshika, lori limekwama, na mwenye fedha anapiga simu. Nipeni klabu ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mwezi wa pili, watu wamekaa kwenye magogo, mzee mmoja anadai aliyegema usiku si mwenye mianzi. Nipeni dereva anashuka Kitonga usiku na breki zinanuka. Hayo ni hapa hapa. Mnasema gharama? Dar mpaka hapa ni kama kilomita 500, basi la alfajiri linakufikisha mchana, na nyumba ya kuchezea nawapa yangu, ina masofa ya kawaida, moja limepasuka.

Na baridi! Hakuna mtu anayesikia baridi kwenye tamthilia zetu. Mwezi wa saba hapa unaongea moshi unatoka. Hakuna aliyevaa sweta. Umeme wa LUKU haujawahi kuisha katikati ya ugomvi, jambo ambalo kwangu linatokea kila mwisho wa mwezi. Hilo nalo nilitaka kulisema kwa kirefu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na habari ya Lufufu, aliyekuwa anazisimulia picha za nje kwa Kiswahili kwenye kanda mpaka ukasahau zilitoka wapi, na namna mabanda ya video yalivyotufundisha kutazama. Nilikuwa na habari ya soko la filamu lilivyoyumba baada ya mwigizaji Kanumba kufariki Aprili 2012, na muziki unaopigwa juu ya maneno ya watu hata husikii wanachosema. Hizo ziacheni, mwakani kama nipo.

Wale wa kikundi cha Mlandege mnaosema mna kamera, msitoke kabla hatujaonana. Yule binti nimeongea naye, yuko tayari kuja kuwaonyesha kudeki, na ana mambo mengine ya jikoni ambayo hata mimi hajaniambia yote. Ila nauli mtampa, chakula mtampa, na posho ya siku mtampa mkononi kabla hajaanza. Na juisi mkiweka, na yeye wekeeni glasi.